Kila Msee Yuko Bize: Vile Vibarua wa Bandari ya Mombasa Walipigania Siku Zao, na Nani Ameshika Zako

Fanya hivi: mtumie beshte yako yeyote mesej umuulize form ni gani. Jibu unalijua hata kabla hajaandika. "Niko bize maze, nitakucheki." Sasa muulize bize na nini. Atanyamaza kidogo. Si ati anakuficha, ni vile siku imeisha na yeye mwenyewe hajui imeendea wapi. Asubuhi alishika simu aangalie saa tu, saa nne ikamkuta bado kitandani akimtazama jamaa wa nchi asiyoijua akiosha zulia.

Leo tupige stori ya hii mambo ya bize, lakini usitarajie ile ya amka mapema, andika malengo, kunywa maji. Hiyo ushaisoma mara mia. Robin Sharma alitoa kitabu chake cha kuamka saa kumi na moja alfajiri mwaka wa 2018, na wasee kibao wakaanza kuposti picha za jua likichomoza kama ni wao wamelichomoza. Huku Mji wa Kale saa kumi na moja alfajiri ni adhana. Kuna wazee Kibokoni wameamka saa hiyo maisha yao yote na hakuna aliyewauzia kitabu.

Swali langu ni lingine: masaa yako yameshikwa na nani? Na Mombasa ndio mahali pake hasa pa kuuliza, juu mji huu umepigania hiyo kitu kabla ya baba yako kuzaliwa.

Anza pale Fort. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596, mchoro ukiwa wa Mtaliano mmoja, Giovanni Battista Cairati. Waliiweka pale mdomoni mwa bandari ya zamani kwa sababu yeyote aliyeshika mlango ule alishika biashara, na biashara yenyewe ilikuwa na bosi mmoja tu: upepo. Kaskazi inavuma kuanzia mwisho wa mwaka hadi kama Machi, inaleta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na India. Kusi inaanza kama Aprili, inayarudisha. Ukichelewa, umechelewa. Hakuna kumpigia upepo simu ati uko njiani, uko Changamwe tayari.

Kwa hivyo nahodha akifika Mombasa alikuwa anakaa. Miezi. Anauza, ananunua, anatengeneza chombo, wengine wanaoa kabisa. Kungoja kulikuwa sehemu ya kazi, hakuna aliyemwita mvivu. Ukitaka kujua upepo ulikuwa na nguvu kiasi gani, sikia hii: Waomani waliizingira Fort Machi 1696, na ikaanguka Desemba 1698. Miezi 33. Msaada wa Wareno ulikuwa utoke Goa, na meli kutoka Goa haziji siku unayotaka wewe. Wengi ndani waliuawa na maradhi kuliko risasi. Na kikosi cha kuwaokoa kilipofika hatimaye, kilikuta bendera imebadilika siku chache tu zilizopita. Hebu fikiria hao wasee baharini wakiangalia bendera.

Baadaye Waingereza wakaifanya jela, kuanzia 1895 hadi 1958. Leo ni makumbusho, na tangu 2011 iko kwenye orodha ya UNESCO, unaenda kupiga picha na mizinga. Lakini pale kwenye jela tusimame kidogo. Jela ni kukuchukulia muda, basi. Hakimu hakukati mkono, anakukata miaka. Serikali zote duniani zinajua kuwa kitu cha thamani ulicho nacho, hata ukiwa huna shilingi mfukoni, ni siku zako. Wewe ndio hujui.

Na lugha pia inajua. Simu yako inaandika 8:00, wewe unasema saa mbili. Kila siku unapiga hesabu ya sita kichwani bila hata kufikiria. Ni kwa sababu Mswahili anaanza kuhesabu jua likitoka, anaanza tena likizama. Mzungu anaanza katikati ya usiku, saa ambayo walio macho ni paka wa Mji wa Kale peke yao. Na kwa watu wa pwani wenyewe, siku mpya inaingia magharibi, ndio maana bibi akikwambia usiku wa Ijumaa anamaanisha Alhamisi baada ya jua kuzama. Wangapi wamekosa shughuli kwa sababu ya hiyo! Yaani ndani ya kichwa chako kuna saa mbili zinatembea, na moja ni yako ya asili.

Sasa tuje kwa stori yenyewe. Unajua neno "kibarua" limetoka wapi? Ni barua ndogo. Kamusi za zamani zinaeleza hivyo: mfanyakazi wa siku alikuwa anapewa kikaratasi, akimaliza anakirudisha analipwa. Baadaye jina la karatasi likamganda mtu mwenyewe. Pale bandarini Kilindini mfumo ulikuwa huo. Asubuhi unajitokeza, serangi anachagua genge lake, unabeba magunia mpaka mgongo unalia, jioni una chapaa yako mkononi. Kesho? Kesho ni yako. Ukitaka unarudi, hutaki hurudi.

Na wengi hawakurudi kila siku. Msee wa Kimijikenda mwenye shamba kule upande wa Kwale au Kilifi alikuwa anapiga siku kadhaa bandarini, akishapata ya kodi na ya sukari anaenda zake kupalilia. Mwingine anavua. Mwingine ana biashara yake ndogo Majengo. Ofisi za kikoloni zilikasirika vibaya sana. Kwao mtu anayefanya kazi siku chache kwa wiki kisha anatoweka ni mvivu, ni tatizo, ni wa kurekebishwa. Mwanahistoria Mmarekani Frederick Cooper aliandika kitabu kizima juu ya hii vita mwaka wa 1987, kinaitwa On the African Waterfront, na ukikisoma unaona vile maofisa walikosa usingizi kwa sababu ya watu waliokuwa wanabeba mizigo mizito kuliko wao wote, halafu wanaitwa wavivu.

Usisahau mwaka. Utumwa ulifutwa kisheria pwani ya Kenya 1907 tu. Kuna watu waliokuwa wanajitokeza bandarini miaka ya 1920 ambao wazazi wao, ama wao wenyewe walipokuwa wadogo, siku zao zote zilikuwa mali ya mtu mwingine. Kuamua Jumanne siendi ilikuwa kitu kikubwa kwa mtu kama huyo. Mimi nikisoma hapo huwa nashangaa vile tulipoteza hiyo hasira.

Lakini tusiitie asali. Kibarua alikuwa na siku zake, ila alikuwa maskini. Akiumia, ni shauri yake. Meli zisipokuja, njaa. Vyumba Mombasa vilikuwa ghali na wanalala wamebanana. Ndio maana 1939, Julai kuelekea Agosti, mji ukaanza kugoma, na bandari ikaingia. Halafu ikaja ile kubwa: tarehe 13 Januari 1947 watu kama 15,000 waliweka kazi chini. Wa bandari, wa reli, wa mahoteli, mpaka wapishi na maboi wa majumbani. Siku 12 Mombasa ikasimama. Hapo ndipo lilipata nguvu jina la Chege Kibachia, kiongozi wa African Workers' Federation. Serikali ilimkamata Agosti mwaka huohuo ikampeleka kizuizini Kabarnet, mbali kabisa na bahari. 1955 wa bandari wakagoma tena, safari hii Tom Mboya akashuka kutoka Nairobi kusaidia mazungumzo, na wakatoka na nyongeza ya asilimia 33.

Waligomea doh, hilo liko wazi. Doh na nyumba na bei ya chakula. Lakini angalia serikali ilijibu vipi. Ilianza kuwaandikisha vibarua. Sasa una nambari, na ukiwa na nambari lazima ujitokeze idadi fulani ya siku kwa mwezi, la sivyo unafutwa na nafasi yako inaenda kwa mwingine. Mwisho wa njia hiyo ni ajira ya mwezi. Ukapata mshahara mzuri zaidi, ukapata usalama, watoto wakaenda shule. Na ukatoa ile "kesho ni yangu". Walibadilisha kitu kwa kitu, na wengi walifurahia hiyo bei. Siwezi kuwahukumu, mimi ni mtu wa kuulizwa kodi kila tarehe tano.

Sasa twende leo, juu kibarua amerudi. Amerudi na simu.

Dereva wa boda wa apu anaambiwa yeye ni bosi wake mwenyewe. Anawasha apu akitaka, anazima akitaka. Ukiisikia hivyo ni kama yule wa Kilindini wa 1930, siku ni zake. Lakini hesabu iko kwa bei ya safari. Safari ikilipa kidogo, na mafuta yamepanda, na boda yenyewe ni ya mkopo inayolipwa kila siku, huyo "bosi" hawezi kuzima apu kabla ya saa nne usiku. Hakuna serangi anayemsimamia, ila hawezi kwenda nyumbani. Yule wa zamani alikuwa na shamba la kurudia. Huyu akirudi, anarudi kwa kaplot ka mama ambako kana watu tisa.

Hapo ndipo ushauri mwingi wa mitandaoni unaanguka. Umeandikiwa mtu mwenye mshahara na nafasi ya kukataa. Ukiwa hustla, kila "hapana" ina bei kwa shilingi. Na mkopo unafanya mambo yawe mabaya zaidi. Fuliza ilipokuja Januari 2019 tulishangilia wote, na kusema kweli imeokoa wasee kwa mambo ya dawa na nauli. Ila ukikopa mia tano leo kwa kitu ambacho ungeweza kungoja, umeuza masaa ya kesho ambayo hata hayajafika. Kesho ukiamka, una kazi ya kufanya ambayo malipo yake yashaliwa. Ndio unasikia mtu akisema anafanya kazi na haoni pesa.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikata, nikaingia kuandika vitu onlaini. Wateja wengi wako Marekani. New York iko nyuma yetu kwa masaa nane wakati wa baridi kule, saba wakati wa joto. Kwa hivyo bosi wangu mmoja, ambaye simtaji, akiamka saa mbili asubuhi yake, mimi ni saa kumi jioni, naona siku yangu inaisha yake inaanza. Akimaliza kazi zake saa kumi na moja jioni, huku ni saa saba usiku, na bado anaandika "chapchap kidogo tu". Kuna wasee wengi wa Mombasa wanaishi hivyo: mwili uko Tudor, saa iko Amerika. Saa za upepo ziliisha, tukaletewa saa za mteja.

Halafu kuna ile inayokuibia bila kukulipa hata senti. Skrini. Nataka uelewe hii, juu wengi wanadhani ni udhaifu wao. Zamani ukurasa wa intaneti ulikuwa na mwisho. Unafika chini, unabonyeza uende ukurasa wa pili, na pale kati unapata nafasi ya kujiuliza, kwani mimi natafuta nini hapa? Mwaka wa 2006 jamaa anaitwa Aza Raskin akabuni ile ya kuteremka bila mwisho. Haina chini. Yeye mwenyewe baadaye alisema hadharani anajutia vile ilivyotumika. Ni kama mwenye kahawa anayekujazia kikombe kila ukipiga funda: utajuaje umekunywa vingapi? Huku kwetu muuza kahawa wa kweli, yule wa dele na vikombe vinavyogongana, anakungoja umalize, anaona umetosheka, anaenda baraza lingine. Yeye ana adabu kuliko TikTok.

Zile tiki za buluu za WhatsApp nazo zilikuja Novemba 2014. Kabla ya hapo ungesoma ujumbe, ukafikiria, ukajibu baada ya chakula. Baada ya hapo kusoma bila kujibu ikawa kosa. "Nimeona umeona." Hakuna aliyekuuliza kama unataka kuanza kujibu kesi.

Sasa, unafanya nini? Nitasema yale ninayoyajua yanafanya kazi kwa mtu asiye na pesa nyingi, na mengine nitayaacha.

Kitu cha kwanza ni sheria, na hii hatuisomi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inasema mfanyakazi ana haki ya siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Kifungu cha 27. Kifungu cha 28 kinasema ukimaliza miezi 12, una siku za likizo zisizopungua 21 zenye malipo. Halafu kuna kifungu cha 37, ambacho kingewafurahisha wale wa Kilindini au kuwaudhi, sijui. Kisheria kibarua ni mtu anayelipwa mwisho wa siku na kuajiriwa kwa si zaidi ya masaa 24 kwa mara moja. Lakini ukifanya kazi siku mfululizo zinazofikia jumla ya mwezi, ama kazi yenyewe ikiwa ya aina ambayo haiwezi kuisha ndani ya miezi mitatu, sheria inahesabu kuwa wewe ni wa mwezi. Si kibarua tena. Kuna wasee godauni za Shimanzi na Changamwe wameitwa vibarua miaka mitatu, wanajitokeza kila siku, wanavaa ovaroli ya kampuni. Hao ni wa kusoma kifungu cha 37 taratibu, kisha waende ofisi ya leba waulize. Andika tarehe ulizofanya kazi, weka mesej za M-Pesa za malipo, usizifute. Hizo ndizo kibarua chako cha kisasa, ile karatasi ndogo yenyewe.

Kuhusu bosi kukupigia usiku, Ufaransa ilianza 2017 kuwapa wafanyakazi haki ya kuzima simu baada ya kazi. Huku kwetu Seneta Samson Cherarkey alileta mswada wa aina hiyo Seneti mwaka wa 2022, na shirikisho la waajiri likaupinga. Wewe usingoje bunge. Unaweza kusema mapema, siku ya kwanza ya kazi, kabla hujaonekana una kiburi: najibu hadi saa mbili usiku, ya baada ya hapo naiona asubuhi. Ukisema siku ya kwanza ni utaratibu. Ukisema mwezi wa sita ni vita.

Kitu cha pili ni simu, na hapa ni dakika tano tu. Nenda kwa mipangilio ya WhatsApp, sehemu ya faragha, zima zile tiki. Magrupu yote nyamazisha milele, ndio, hata la familia. Msiba ukitokea watakupigia, hakuna mtu amewahi kukosa mazishi kwa sababu alinyamazisha grupu. Zima arifa za kila apu isipokuwa simu, mesej na M-Pesa. Nunua saa ya ukutani. Nimesema kweli, saa ya ukutani, za bei rahisi ziko kibao Marikiti na Kongowea. Asubuhi ukitaka kujua ni saa ngapi utaangalia ukuta, na ukuta hauna video za mazulia.

Cha tatu ni kigumu kidogo kueleza. Chagua sehemu moja ya siku ambayo tayari jamii imeikubali kuwa si ya kazi, ujibanze hapo. Usijitengenezee saa yako mpya ya ajabu, hakuna atakayeiheshimu, hata wewe. Ukiwa unaswali, una nafasi tano zilizokwisha kukubaliwa na mtaa mzima. Hata bosi mkali anaelewa "niko msikitini". Kama huswali, kuna jioni ya baraza, kuna Jumapili, kuna mpira. Nenda Mama Ngina Drive saa kumi na moja jioni uone watu na mihogo yao ya kukaanga na pilipili, wamekaa wanatazama meli zikiingia. Wengi wao hawana pesa kukuliko. Wana lisaa limoja ambalo mji wote umekubali ni la kutazama bahari.

Na feri ya Likoni? Hiyo siihesabu. Kungoja feri si kupumzika, ni kuibiwa masaa ukiwa umesimama kwenye jua. Wa Likoni wanajua.

Kuhusu wateja wangu wa ng'ambo, mwezi wa pili niliwaandikia wote watano kuwa najibu kati ya saa mbili asubuhi na saa moja jioni, saa za Mombasa, na kazi ya haraka ya usiku ni bei mara mbili. Wawili walinyamaza na hawajarudi. Watatu walisema sawa. Mmoja kati ya hao watatu alilipa ile bei ya usiku wiki iliyopita, na nilimfanyia bila kununa.